Nimetumia visanduku viwili vya TV, kimoja kinatulisha sisi tunaorusha video na kingine kinatunyima

Habari zenu wadau. Leo nataka niongelee visanduku vya TV, hivi vidogo vya kuchomeka kwenye HDMI nyuma ya TV halafu ile TV yako ya zamani inaanza kuonesha YouTube kama smati TV. Nimekuwa navyo viwili kwa nyakati tofauti, cha kwanza nilinunua elfu sabini na cha pili laki na themanini, na nina sababu ya kuvisema kwa kirefu kwa sababu mimi siyo mtazamaji tu, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro na nina chaneli ya mafunzo ya kushona, kwa hiyo hili jambo linanigusa pande zote mbili, jioni nakaa mbele ya TV na wakati huohuo kuna watu wananiangalia mimi kwenye TV zao.

Kilichonifanya ninunue ni hiki. Kuna shoga yangu ana ofisi ya ushonaji kule Mwembesongo, ana wasichana saba anaowafundisha kazi. Siku moja ovaloki yangu ilikuwa imeharibika nikaenda kwake kumalizia nguo za mteja, nafika mlangoni nasikia sauti yangu. Sauti yangu mwenyewe kabisa inasema "hapa usikate kwanza, pima tena". Nageuka naona TV imefungwa ukutani, inchi 43, mikono yangu imejaa kioo kizima iko juu ya kitenge, na wale wasichana wameacha kukanyaga cherehani wote wanaangalia. Mmoja ameshika rimoti, anarudisha nyuma kidogo, anasimamisha, anarudisha tena. Walikuwa kwenye mkono wa gauni, pale kwenye duara la kwapa, sehemu ambayo kila anayeanza kushona lazima imsumbue, na mimi nilikaa siku mbili nzima kuiandaa ile video. Nilisimama pale mlangoni na mfuko wangu wa nguo nikashindwa hata kupiga hodi.

Halafu yule mwenye rimoti akasema, hajui kama niko nyuma yake, "huyu dada anaelekeza vizuri ila namba za kwenye futi hazisomeki, sasa hapo ni saba na nusu au nane na nusu?"

Iliniuma jamani, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ile video niliishuti na simu nimeisimamisha wima kama wengi tunavyofanya, kwenye simu inajaa kioo vizuri, ila ukiipeleka kwenye TV inakaa katikati kama ukanda, kushoto giza kulia giza, na kile kidogo kilichobaki katikati ndo kina futi na chaki na kila kitu. Mtu ana TV ya inchi 43 lakini ananiona mimi kwenye nafasi ambayo haifiki hata theluthi ya kioo chake.

Nikarudi nyumbani nikafungua YouTube Studio nikaangalia ile sehemu inayokuonesha watu wanatumia kifaa gani kukutazama, sehemu ambayo tangu nianze chaneli 2020 sijawahi kuijali. Simu ndo inaongoza, hilo nilitegemea, lakini TV ilikuwa imepanda sana kuliko nilivyodhani, na ukienda kwenye muda ambao mtu anakaa kwenye video, wa TV wanakaa mara mbili mara tatu ya wa simu. Wa simu anaingia anaona kava anaangalia dakika mbili anapata ujumbe wa WhatsApp anaondoka. Wa TV ameshaketi, au ameshaweka kitambaa mezani, anamaliza dakika 25 zote na anaendelea na inayofuata. Sasa ukijua kwamba ili uanze kulipwa hela ya matangazo YouTube wanataka uwe na waliokufuata 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, utaelewa kwa nini nilishtuka, kwa sababu zile saa 4,000 zangu zilinitoa jasho mwaka na zaidi, na kumbe sehemu kubwa zililetwa na watu wa sebuleni na maofisini kama wale wasichana.

Basi nikasema na mimi lazima niwe na hiki kitu nyumbani nijione wanavyoniona. TV yangu ni ya inchi 32 ya kawaida, siyo smati, ina matundu mawili ya HDMI, moja king'amuzi moja tupu. Nikaenda dukani, duka silitaji, nikamwambia muuzaji nataka kisanduku cha kuangalia YouTube. Akanitolea kimoja cheusi hakina jina ninalolijua, boksi limeandikwa maneno mengi makubwa, akasema "dada hiki ndo mwisho, mpira bure, muvi bure, chaneli za nje zote bure, hulipii kitu tena maisha yako yote, na YouTube yake haina hata tangazo". Elfu sabini. Nikalipa nikaondoka nimefurahi.

Nikiwa mkweli siku mbili za kwanza nilikipenda. Kinawaka, kinafunguka kama simu kabisa, yale mapicha madogomadogo ya apu yamepangwa kama kwenye simu, unazunguka na rimoti unatafuta kama na kidole. Kulikuwa na apu zimeshawekwa humo ndani, sikuziweka mimi, moja ya mpira, nyingine ya sinema, na humo kwenye sinema nikakuta mpaka tamthilia za Kibongo ambazo najua kabisa watu wanazilipia kwenye king'amuzi, zipo tu zimemwagwa. Kimoyomoyo nikaanza kujisikia vibaya, maana nakumbuka enzi za sidii za Bongo muvi watu walivyokuwa wanalia na wanaochoma kopi vibandani, msanii anatoa filamu Ijumaa na Jumatatu kopi za buku ziko kila kona.

Ila kilichonifumbua macho ni YouTube yenyewe. Nikafungua video yangu ya sketi ya marinda, ndefu dakika 31, naijua ina matangazo mwanzoni na sehemu tatu katikati kwa sababu niliyapanga mwenyewe. Ikaanza moja kwa moja. Nikakaa nikaangalia yote. Hakuna tangazo hata moja. Nikaweka nyingine, hakuna. Nikagundua ile siyo YouTube yenyewe, ni apu iliyochakachuliwa, mtu ameitengeneza ili video zitoke bila matangazo, na muuzaji ndo anaitumia kama sifa ya kuuzia.

Sasa hapa naomba nieleweke, kwa sababu najua wengi mnaosoma mnachukia matangazo na mimi pia yananikera nikiwa naangalia mahubiri au mpira. Lakini hela ya mtu kama mimi inatoka hapohapo. Tangazo likionekana kwenye video ndefu, YouTube wanachukua asilimia 45 na mimi napata 55. Kwenye zile fupi ni kinyume chake, unapata 45. Tangazo lisipoonekana hakuna cha kugawana. Kwa hiyo mtu anaweza kuniangalia kwenye kile kisanduku kila siku mwaka mzima, akajifunza kukata gauni, kola, zipu ya kujificha, akafungua na ofisi yake, na mimi nisipate hata shilingi kumi kutoka kwake, na yeye wala hana nia mbaya, hajui. Na AdSense, ule mfumo wa Google unaotulipa hela za matangazo, hawatoi hela mpaka ifike dola 100. Kwa chaneli kubwa dola 100 ni asubuhi moja, kwa chaneli yangu ni suala la kuhesabu wiki. Ukishajua hilo ndo unaona kila sebule yenye kisanduku cha aina ile ni wiki zinazoongezwa kwenye kusubiri kwangu.

Na siyo hilo tu. Kilikuwa kinapata moto mpaka ukigusa unatoa mkono, ukiacha saa mbili video inaanza kukatakata, na bando lilikuwa linaisha haraka hata usiku ambao hakuna aliyekigusa. Sina ushahidi kilikuwa kinafanya nini ila baadaye nikaja kusoma kwamba Juni 2025 FBI wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu visanduku vya aina hii, vya Android ambavyo havijathibitishwa na Google, kwamba vingi vinakuja na virusi tangu kiwandani au vinavipata unapoweka apu za bure, halafu intaneti ya nyumbani kwako inatumiwa na wahalifu bila wewe kujua. Mtandao wenyewe wanauita BADBOX 2.0 na ni mamilioni ya vifaa dunia nzima. Mimi nilikuwa nimeingiza humo barua pepe yangu ileile ya chaneli. Nilibadilisha nywila usiku huohuo mikono inatetemeka, maana chaneli ikiibiwa ni miaka yote imeondoka.

Nikakaa bila kisanduku miezi kadhaa nikichanga. Cha pili nilichonunua ni Xiaomi TV Box S ya toleo la pili, na hiki ndo ninacho mpaka leo.

Umbo lake ni kamraba kadogo keusi, kanakaa kwenye kiganja. Kinatumia Google TV iliyothibitishwa, yaani ukiwasha mara ya kwanza inakutaka uingie na akaunti yako ya Google, na apu zinatoka Play Store ya ukweli, YouTube ni YouTube. Picha kinatoa mpaka 4K ila kwa TV yangu hiyo ni ziada, mimi naishia palepale inapoweza. Kina bluetooth, kwa hiyo usiku watoto wakilala naunganisha spika ndogo naweka karibu nasikiliza sauti za video zangu kama ziko sawa. Nyuma kuna HDMI, kuna tundu la spika na USB moja ambayo huwa nachomeka flashi kuangalia video kabla sijaipandisha, na hii kwangu ndo imekuwa kazi yake kubwa kuliko zote, najiona kwenye TV kabla wateja hawajaniona.

Mapungufu yapo na yanajulikana ukisoma tu maelezo yake. Nafasi ya ndani ni GB 8 na nyingi inaliwa na mfumo wenyewe, kwa hiyo usifikirie kujaza magemu na apu ishirini, YouTube na mbili tatu nyingine inatosha. Halafu hakina tundu la waya wa intaneti, ni waifai tu, kama kiruta chako kiko chumba cha mbali na ukuta ni wa tofali kavu fikiria hilo kabla. RAM ni GB 2. Kwa kuangalia video inatosha kabisa.

Rimoti yake ni nyembamba, betri mbili ndogo, na ina vitufe vya moja kwa moja vya Netflix, Prime Video na YouTube. Hivi vitufe nimevifikiria sana jamani. Zamani kuingia kwenye TV ya mtu ilikuwa lazima upite kwa mwenye kituo. Mimi mwenyewe kabla ya chaneli niliwahi kupeleka wazo la kipindi cha ushonaji kwenye kituo kimoja, nikapokelewa vizuri tu, nikaambiwa wazo zuri, sasa nenda kanunue muda wa hewani na utafute wadhamini mwenyewe. Nilipoambiwa bei ya nusu saa kwa wiki nilitoka pale nikapanda daladala sijaongea na mtu mpaka Msamvu. Leo niko kwenye TV zilezile na sijamlipa mtu muda wa hewani, mwanamke mwenye chumba kimoja, simu moja na taa ya pete. Hiyo ni neema na sitaidharau. Lakini mlango wenyewe ni kile kitufe kimoja, hatuna mwingine. Ukibonyeza YouTube unatokea ukurasa wa mwanzo, na ukurasa ule kwenye TV unaonesha video chache tu kwa mara moja, kava kubwakubwa, siyo kama simu ambapo unashusha na kidole hata mia. Kwa hiyo zile nafasi chache nagombania na nani? Nagombania na Azam, na Wasafi, na tamthilia zenye kamera za mamilioni, na wahubiri, na katuni za watoto ambazo zikishawekwa hazitoki. Kwenye simu tulikuwa sokoni wote tumetandaza chini. Kwenye TV ni kama meza tatu tu na wenye mitaji wamewahi.

Wenzetu wa Marekani wameshafika mbali kwenye hili. Februari 2025 bosi wa YouTube, Neal Mohan, alisema huko kwao TV imeipita simu kwa kuangalia YouTube, na Mei mwaka huohuo vipimo vya Nielsen, kampuni inayopima watu wanaangalia nini kwenye TV, vikaonesha kwa mara ya kwanza muda ambao watu wanaangalia vitu vya mtandaoni kwenye TV, asilimia 44.8, umezidi vituo vya kawaida na kebo ukivijumlisha pamoja, na YouTube peke yake ilikuwa na 12.5. Hapa kwetu simu bado ndo baba lao, na bando ndo linaamua. Saa moja ya video nzuri kwenye TV inaweza kula GB 2 hata 3, mtu wa bando la siku hawezi. Lakini nyumba inayovuta faiba au inayochangia waifai, TV inahamia YouTube mara moja, nimeona kwa majirani zangu watatu, king'amuzi kinabaki cha taarifa ya habari na mpira.

Na kuna Waswahili wa nje ambao mimi ndo wananiokoa. Nina wanaonifuata wako Muscat, wako Dubai, wako Minneapolis, wamama wanaotaka kushona kitenge nyumbani na hakuna fundi wa kumuuliza, na wale karibu wote wananiambia wanatazama kwenye TV. Tangazo likionekana Marekani linalipa vizuri kuliko la hapa, hilo kila mwenye chaneli anajua. Ila tangu Juni 2021 hela inayotokana na watazamaji walioko Marekani inakatwa kodi ya kwao, na kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani tunakatwa asilimia 30. Usipojaza taarifa zako za kodi ndo mbaya zaidi, wanaweza kukata 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Kama una chaneli na hujajaza ile fomu, simama hapa ukaijaze kwanza ndo urudi kuendelea kusoma, nakusubiri.

Kitu kingine ambacho sikukijua mpaka nilipokaa na rimoti mkononi: kwenye TV mtu hakuandikii. Maisha ya chaneli yangu siyo matangazo peke yake, kwa kweli matangazo ni nyongeza, hela yenyewe inatoka kwa watu wanaonitafuta WhatsApp wananunua karatasi za vipimo nilizochora, gauni la saizi fulani, suruali ya mtoto, sare za shule. Namba yangu iko kwenye maelezo chini ya video, kwenye simu unabonyeza unaingia. Kwenye TV maelezo yamefichwa, mpaka ushuke na rimoti uyafungue, na hata ukiyafungua utabonyeza nini, TV haina WhatsApp. Komenti vilevile, nani ataandika komenti herufi moja moja na rimoti. Kwa hiyo nikawa napata watazamaji wengi wa muda mrefu ambao ni kimya kabisa, siwajui, hawaniulizi, na mauzo ya karatasi hayapandi wakati saa za kutazamwa zinapanda. Ilinichanganya miezi.

Sasa naweka namba yangu kwenye kioo chenyewe, kubwa, chini kulia, dakika ya kwanza na dakika ya mwisho, na ule mchoro wa QR mtu anaelekeza simu kutoka kwenye kochi anaingia WhatsApp moja kwa moja. Niliujaribu sebuleni kwangu, nikakaa mbali kama mtazamaji, mara ya kwanza ulikuwa mdogo simu haikusoma, nikaukuza mpaka ukasomeka kutoka mlangoni. Tangu hapo ujumbe unaanza na "dada nimekuona kwenye TV" na kila nikisoma hilo neno moyo unaruka.

Na kuna lile la kuhesabu. Wale wasichana saba na shoga yangu nane, wote pamoja, YouTube imewaona mtu mmoja. Ni kama kibanda umiza, watu arobaini ndani wamelipa kila mtu mia tano kuona mechi, kwenye mtambo ni TV moja. Nimejaribu kuwaza mafundi wangapi nchi hii wamewasha TV ofisini wanafundishia wanafunzi kwa video za watu kama mimi, na hesabu inayoonekana ni ya ofisi tu, siyo ya vichwa. Silalamiki wanione wengi, naomba waone hata ishirini kwa TV moja, ila mtu anayekwenda kwa mdhamini na zile namba awe anajua, na mdhamini naye awe anajua, kwamba mtazamaji mmoja wa TV siyo sawa na mmoja wa simu. Mimi nilipoenda kuomba muuza vitambaa mmoja anidhamini nilimpeleka Mwembesongo akaone kwa macho yake, sikumuonesha simu. Alinipa mitandio na bitana ya kushutia miezi mitatu.

Kwa upande wa kazi, kisanduku kimebadilisha kabisa jinsi ninavyoshuti. Simu nailaza. Nashuti 1080, yaani HD kamili, na taa naitoa pembeni badala ya mbele ili chaki itoe kivuli kidogo kwenye kitambaa, vinginevyo kwenye TV mstari unapotea. Kitambaa cheusi chaki ya njano, cheupe bluu. Futi naisogeza karibu na kamera halafu namba naisema kwa mdomo mara mbili, "saba na nusu, saba na nusu". Nimenunua kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye kola maana spika za TV zinatoa kila kitu, mpaka jogoo wa jirani. Gharama yake ni kwamba faili limekuwa kubwa, video moja inafika GB 4, naipandisha usiku wa manane, mtoa huduma wangu wa intaneti simtaji ila kuna usiku imefika asilimia 90 ikakatika nikaanza upya alfajiri. Zamani nilikuwa natoa video tatu kwa wiki, sasa ni moja. Mwenye timu ya watu watano hiki kitu hakimgusi, anapanga tu. Mtu mmoja mwenye cherehani na watoto wawili anakisikia kwenye mgongo.

Kwa hiyo nikiulizwa ninunue kipi, kama una hela ya kile cha laki na themanini chukua, au chochote kile ambacho kweli ni Google TV au Android TV iliyothibitishwa, siyo lazima kiwe hichi changu. Ukiwa dukani mwambie akiwashe. Kikifunguka na Play Store inayokutaka uingie na akaunti, YouTube ikakuletea tangazo, hicho kina dalili nzuri ya kuwa cha kweli. Kikifunguka kama simu kimejaa apu za mpira wa bure na muuzaji anajisifu hakuna matangazo, rudisha mezani, hata akishusha mpaka elfu hamsini. Kama hela haijatosha subiri, tumia simu na waya au changa kidogokidogo. Mimi cha pili nakipa nane kwa kumi, mbili nimetoa kwa ile nafasi ndogo na kukosa tundu la waya. Cha kwanza sikipi kitu, kiko kwenye boksi uvunguni, sijampa mtu na sitampa.

Wiki iliyopita nilienda tena kwa shoga yangu. Nilimuuliza kisanduku chake alinunua wapi, akanionesha, kumbe ni ndugu wa kile changu cha kwanza, na ndo maana siku ile sikusikia tangazo. Nilimueleza yote haya, nikamletea changu kwa siku hiyo tukakichomeka ili aone tofauti. Tukaweka ile video ya mkono wa gauni niliyoirudia upya, simu nimeilaza. Likatangulia tangazo la sabuni. Mmoja wa wasichana akanyoosha mkono kuchukua rimoti alirushe.

Shoga yangu akamuwahi. "Subiri kwanza. Hili ndo linamlipa huyu?"

Nikamwambia ndiyo, kidogo kidogo.

"Basi liache liishe," akasema, akavuta uzi akaanza kutunga sindano.